Jina la Turkan na Jina la Ndege

Naikumbuka vizuri Jumatatu moja ya Oktoba, mwanangu, mwaka ule nilioingia Toronto. Nilikuwa kijana wa chuo, nimetoka Taita na sanduku moja na koti ambalo halikuwa koti la nchi hii. Nilipanga chumba katika jengo la zamani kule Weston, dirisha linatazama reli na mto Humber. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Shukrani. Chuo kimefungwa, maduka yamefungwa, treni zinapita tupu. Tangu asubuhi harufu ya nyama ya kuoka ilikuwa imejaa kwenye korido, na nyuma ya kila mlango nilisikia watu wanacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na koti mwilini, nakula mkate na chai ya rangi.

Sijui kama wewe umewahi kukaa siku nzima bila kutamka neno. Ukija kujaribu kusema kitu, sauti inatoka kama ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa na siku nyingi za namna hiyo. Hata chuoni, mwalimu alipokuwa akiita majina na kufika kwenye langu, Mghanga, alikohoa kidogo, halafu akasema, "Na wewe pale nyuma." Wenzangu wakanigeukia, nikainua mkono, basi. Wiki nzima ikapita nikiitwa "wewe pale nyuma."

Alasiri ile mlango wangu ukagongwa. Nikafungua, nikamwona mzee wa mlango wa pili, ambaye tulikuwa tunapishana tu kwenye lifti. Alikuwa mtu mfupi, masharubu meupe, amevaa aproni juu ya suti.

"Unakula nyama?" akaniuliza, bila hata salamu.

"Nakula."

"Basi njoo. Nimepika ndege mzima na niko peke yangu."

Jina lake lilikuwa Orhan, mtu wa Uturuki, amestaafu kutoka kiwanda cha fanicha. Nilimwita Mzee Orhan, hivyo hivyo kwa Kiswahili, na nilipomweleza maana yake alilipenda neno hilo, akasema lina heshima kuliko "mister." Mkewe alikwisha kufa. Mezani kwake palikuwa na wali wenye zabibu kavu, biringani, na katikati bata mzinga mkubwa wa rangi ya kahawia, anatoa mvuke. Palikuwa pia na sahani tatu, nami nikadhani kuna mgeni mwingine anakuja.

"Umehamia hapa tangu mwezi wa nane," aliniambia huku akinoa kisu. "Mbona hukubisha kwangu hata siku moja?"

"Sikutaka kukusumbua, mzee."

Akaweka kisu mezani. "Kijana, mimi ni mtu ambaye hasumbuliwi na yeyote. Simu hailii. Mlango haugongwi. Umeona nimenenepa kwa raha hiyo? Usinipe tena heshima ya namna hiyo."

Nilikuwa sijakaripiwa na mtu mzima tangu niondoke nyumbani, na nikwambie kweli, machozi yalinilengalenga. Mtu hakukaripii kama hajakuona.

Tukala. Nikamuuliza kuhusu ile sahani ya tatu, naye akanieleza bila kuniangalia. Alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, anafanya kazi ya kompyuta kule Markham. Kila mwaka siku ya Shukrani alikuwa akienda kwenye bucha la Waislamu, ananunua ndege huyu na kumwoka, kwa kuwa binti yake alipokuwa mdogo alitaka wale wanachokula wenzake wa shule. Sasa ilikuwa miaka binti hajafika. Mzee aliendelea kuoka.

"Unajua Waingereza wanamwitaje ndege huyu?" akaniuliza.

"Turkey."

"Jina la nchi yangu. Na binti yangu nilimpa jina la mama yangu, Turkan. Kwetu ni jina la mwanamke mtukufu. Sasa fikiria umempeleka mtoto mwenye jina hilo katika shule ya hapa."

Sikuhitaji kuelezwa mengi. Nilikuwa nimekwisha kuwasikia vijana chuoni wakiitana kwa neno hilo, wakimaanisha mjinga, mtu wa hovyo. Watoto walimfuata Turkan uwanjani wakilia kama bata mzinga, glu-glu-glu, mpaka mlango wa darasa. Alipofika nyumbani na kumwambia baba yake kwamba hataki tena jina lile, Orhan alicheka. Alisema ni mambo ya watoto, yatakwisha. Hayakukwisha. Binti alipokua akajiita Teri, akalibadilisha mpaka kwenye vitambulisho, naye baba akaapa hataita jina hilo kwa mdomo wake. Wakagombana siku moja, wakanyamaza miaka.

"Wewe ni msomi," aliniambia tulipomaliza kula. "Kiingereza changu ni cha kiwandani. Nenda maktaba, nitafutie nani alimpa ndege huyu jina la nchi yetu, na kwa nini. Sisi wenyewe hatumwiti hivyo. Kwetu anaitwa hindi, yaani wa India. Nataka niwe na kitu cha kumwambia binti yangu."

Nikaenda, mwanangu, kesho yake tu. Ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa na binadamu katika mji huu, na niliifanya kama mtu aliyetumwa na mama yake. Maktaba ya chuo ilikuwa na kamusi kubwa za Kiingereza, zile zinazoeleza kila neno limetoka wapi na limebadilika vipi. Nikasoma mpaka macho yakaniuma.

Nikakuta kwamba neno hilo lilianza kwa ndege mwingine kabisa. Zamani Waingereza walianza kuletewa ndege mwenye madoadoa kutoka Afrika, akipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa nchi zilizokuwa chini ya Sultani wa Waturuki. Siku hizo karibu kila kitu kigeni kilichopitia huko walikiita cha Kituruki. Basi ndege yule wakamwita jogoo wa Uturuki. Na ndege mwenyewe, mwanangu, ni kanga. Kanga huyu wetu, anayekimbia makundi kwa makundi kwenye mbuga zilizo chini ya milima ya kwetu.

Baadaye Wazungu walipovuka bahari na kurudi na ndege mkubwa wa bara hili la Amerika, watu wakawachanganya wawili hao. Kwa muda wote wakaitwa jina moja. Mwishowe ndege mkubwa akabaki nalo, kanga akapewa jina la pwani nyingine ya Afrika, Guinea, wala hakuna aliyerudi nyuma kusahihisha. Ile maana ya mjinga imeongezwa juzijuzi tu. Na kila taifa limemsingizia mwenzake: Waturuki wanasema ni wa India, Wafaransa vilevile, Wareno wanamwita Peru, Waarabu wa Misri wanamwita jogoo wa Kirumi. Naye ni ndege wa hapa hapa. Wenyeji wa nchi hii walikuwa na majina yao ya kumwita kabla ya meli yoyote kufika, ila hawakuulizwa.

Nilifunga kitabu. Akilini nilimwona mama yangu na kanga kiunoni, maana nguo ile nayo, wengi husema, ilipewa jina hilo kwa sababu ya madoa ya ndege huyo. Tangu nifike, hapo ndipo nilipokutana mara ya kwanza na kitu cha nyumbani. Nikatazama kulia na kushoto nipate wa kumwambia. Wanafunzi walikuwa wameinamia vitabu vyao.

Mzee Orhan alinisikiliza jioni hiyo akiwa amesimama. Nilipofika kwenye kanga akapiga makofi.

"Yaani jina lilikuwa la ndege wako," alisema, "likatokana na watu wangu, Mwingereza akambandikia ndege wa Kanada! Hapo nani ametukanwa? Hakuna!" Akacheka mpaka akakaa. Halafu akaitazama simu. Alinyanyua mkono wa simu akaurudisha mara kadhaa. Mwishowe akapiga, ikapokea ile mashine ya kurekodi sauti, naye akaizungumzia kwa Kituruki, kwa upole, kama anayemsemesha mtoto aliyelala.

Majuma yakapita. Theluji ya kwanza ikaanguka. Jumamosi moja nikasikia lifti, halafu viatu vya mwanamke kwenye korido, halafu Mzee Orhan akaja kunigongea, uso umempauka. "Amekuja. Njoo umweleze vizuri, Kiingereza changu kitaharibu."

Binti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, hajavua koti. Alikuwa na macho ya baba yake. Nikamwamkia kwa adabu, nikaanza somo langu: wafanyabiashara, Sultani, kanga, Wareno na Peru yao. Nilijiona nafanya jambo kubwa. Mzee alikuwa ananifuata kwa kutikisa kichwa kwa kila sentensi, akitabasamu, akimwangalia binti yake kuona kama inamwingia.

Binti alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akasema, taratibu tu, "Asante. Hayo yote nayajua."

"Unayajua?" baba yake akauliza.

"Niliyasoma nikiwa shule ya msingi, baba. Nilikwenda maktaba peke yangu. Niliandika insha nzima nikaisoma mbele ya darasa. Unajua walifanya nini nilipomaliza?" Akamtazama baba yake. "Walilia glu-glu-glu. Hata mwalimu alitabasamu."

Bomba la joto ukutani lilikuwa linagonga.

"Sikuhitaji mtu wa kunieleza jina limetoka wapi," akasema. "Nilikuja nyumbani siku ile nikitaka uniulize wamenifanya nini. Wewe ukacheka."

Nilimtazama Mzee Orhan. Alikuwa na mengi ya kujitetea. Baba hakosi ya kujitetea. Alikuwa akitoka kiwandani amechoka. Hakujua lugha ya kwenda kugombana nayo shuleni. Lile lilikuwa jina la mama yake. Yote hayo niliyaona yanapita usoni mwake, na sikumsikia akisema hata moja. Alivuta kiti akakaa mbele ya binti yake, magoti yao yakakaribia kugusana, akamuuliza kwa Kiingereza chake kile cha kiwandani, "Walikufanya nini, Teri?"

Lile jina alilitamka vibaya, lakini alilitamka. Binti akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kusema, kwa Kituruki, polepole, na baadaye kwa haraka. Mimi nikatoka, nikavuta mlango bila kuufunga kwa nguvu.

Nilisimama koridoni kidogo. Nilisikia sauti ya mmoja tu, ya binti, inakwenda, inakwenda, mzee hamkatizi. Nikarudi chumbani kwangu, nikakaa karibu na dirisha. Nilifurahi kwa ajili yao, na wakati huo huo nilikuwa mpweke kuliko siku ile ya sikukuu, maana sasa nilijua ninachokikosa.

Usidhani mambo yote yalinyooka. Binti hakurudia jina la Turkan, na baba alikuwa akikosea mara kwa mara, akimwita hivyo halafu akijishika mdomo. Lakini alikuja Jumamosi nyingi kipupwe kile, na majira ya kuchipua yalipofika akamchukua mzee wakaishi pamoja Markham. Kabla hajahama, mzee aliniita siku moja kunywa chai. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira. Akaizima, akageuka kunielekea.

"Na wewe chuoni wanakuitaje?" akaniuliza.

Nikaanza kusema "Niko sawa," nikaona anangoja. Basi nikamwambia. Nikamwambia "wewe pale nyuma," nikamwambia jinsi wiki nzima ilivyopita sijasikia jina langu. Hakunipa dawa yoyote. Alisema tu, "Nifundishe kulitamka," tukakaa pale, mzee wa watu anahangaika na hiyo m na hiyo gh, mpaka akaliweza.

Kisha akahama. Chumba chake kikapangwa na watu niliosalimiana nao tu. Sikumwona tena, maana Markham siku hizo bila gari ilikuwa safari, nami nilikuwa na kazi na masomo. Nikasikia baadaye kwamba amefariki, binti yake akiwa naye.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nimeishi katika mji huu muda mrefu na nimewaona wengi wetu, wazazi na watoto, kanisani, msikitini, kwenye harusi zetu, tumekaa meza moja na hatujuani. Mtoto anasema kwa Kiingereza, mzazi anajibu kwa Kiswahili, na katikati kuna jambo limelala ambalo hakuna aliyeliuliza. Basi shika maneno yangu. Mtu akikujia na kidonda chake, hata kama kwako ni kidogo, hata kama unajua historia yote ya jambo hilo na una majibu mazuri, nyamaza kwanza, umuulize kimempata nini, halafu ungoje mpaka amalize. Na wewe ukiwa ndiye unayeumia, sema. Sema kwa lugha yoyote iliyo karibu. Mzazi akicheka mara ya kwanza, mrudie mara ya pili. Huenda hakukusikia, na huenda alicheka kwa kuogopa. Usiiachie miaka ifanye kazi ambayo sentensi moja ingeifanya.

Wanaolichezea jina lako huenda hawatakoma kamwe, wala siwezi kukuahidi kwamba watakoma. Utakachohitaji ni mtu mmoja wa kumweleza hayo jioni.

Mungu akujalie mtu huyo, mwanangu. Na akujalie nawe uwe mtu huyo kwa mwingine, akupe masikio mapana na subira, na nyumba ambayo anayeingia kwako ameumia anatoka amesikilizwa. Amina.