Jinsi Nilivyomtetea Jirani Yangu

Barazani kwetu Mbuya, kota za jeshi Kampala, Jumapili ile, tulikuwa watu watano. Mimi na mume wangu, dereva wa jeshi, Mwislamu wa Arua. Mimi ni Mkatoliki, nilizaliwa Busia upande wa Kenya nikaolewa huku. Wa tatu alikuwa mke wa sajini, yaani mkubwa wa mume wangu kazini, nasi wote tulimwita Mama Sajini. Wa nne jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa milima ya mashariki. Mumewe naye askari, miezi ile yuko mpakani. Wa tano mwalimu Mwarabu, Mpalestina, aliyefundisha hesabu chuoni Kyambogo. Mume wangu alimpa lifti siku moja ya mvua, wakawa wanaswali pamoja Ijumaa. Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao kuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba. Siyaandiki. Wengine wana wajukuu.

Mimi waliniita Nalongo kwa sababu nilizaa mapacha. Kampala mama wa mapacha anaitwa hivyo, awe Mganda, asiwe Mganda.

Waisraeli walikuwa wameshafukuzwa nchini na serikali. Zamani walikuwa wengi jeshini, ndio waliomfundisha mume wangu kuendesha magari makubwa, na alikuwa na picha ameshikana mabega na mmoja wao, wanacheka. Walipoondoka aliichoma mwenyewe kwenye sigiri yangu, nikiwa nangoja mkaa ushike nipike posho, ugali wa huku. Baada ya hapo redio ikawa kila siku ni Wayahudi, Wayahudi, na watu wakawa wanaongeza ya kwao.

Sasa jirani yangu. Kwao, huko milimani, kuna watu weusi kama sisi wanaoshika dini ya Wayahudi tangu enzi za babu zao. Wanachinja wenyewe, na Jumamosi hawagusi moto. Serikali ilikuwa imefunga nyumba zao za sala. Yeye aliniambia mimi peke yangu, kwa kuwa jikoni tulipakana na ningejua tu. Ijumaa alipika ya siku mbili. Jumamosi uji wa mtoto wake niliupasha mimi kwenye moto wangu, nikampa kupitia dirishani. Kama lingejulikana, mumewe angeulizwa amemwoa nani, na miaka ile mtu akiitwa kuulizwa, harudi, mkewe alikuwa anabaki na viatu vya mumewe tu.

Jumapili ile redio ilipomaliza habari, Mama Sajini akasema, "Hao watu wataweka sumu kwenye Nile. Mtakunywa nini?"

"Nani kakuambia?" akauliza mume wangu.

"Kila mtu anajua. Waliomuua Yesu watashindwa na mto?"

Mume wangu akacheka kidogo, akasema yeye ya Yesu hayajui, lakini Waarabu wamenyang'anywa nchi, hilo ni kweli, muulizeni mwalimu.

Mwalimu alizungusha kikombe chake cha chai. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilieleweka. "Ni kweli. Nyumba ya baba yangu wanalala watu wengine. Nina hasira na hao. Lakini sumu ya mto, hiyo mimi sijui. Hiyo ni uongo."

"Mwalimu, wewe ni mpole mno. Hujawajua."

"Mimi? Mimi sijawajua?"

Sote tukacheka, hata Mama Sajini. Kisha akasema, "Basi kama umewajua, mbona unawatetea? Hao damu yao yenyewe ni mbaya. Mtoto wao akizaliwa tayari ni mwizi."

"Mama, ukisema damu, hunisaidii," mwalimu akasema. "Mimi nataka nyumba. Sitaki damu ya mtu."

"Ah, nyumba. Wacha nyumba. Nitajie Myahudi mmoja mwema. Mmoja tu. Nalongo, nitajie."

Mimi darasa nililoishia ni la pili. Sikuzoea kuulizwa mambo makubwa mbele ya mwalimu. Nilitaka nishinde. Nilitaka pia, nasema kweli, yale maneno ya damu yakome. Nikasema, "Si huyu hapa? Huyu anashika Jumamosi kama wao, na amekukosea nini?"

Jirani yangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mkono ukasimama. Kisha ukaendelea.

Mama Sajini akasema, "Kumbe." Hilo tu. Mume wangu akafungua redio tena, ingawa ulikuwa muziki. Mwalimu akaaga mapema, na hakuja tena barazani kwetu.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, Mama Sajini alifika kwa jirani yangu na bakuli la karanga mbichi. Alikuja na wanawake wengine wawili wa kota. "Dada, nikaangie hizi, mkaa wangu umekwisha." Mkaa wake haukuwa umekwisha, moshi wake niliuona tangu alfajiri. Nilikuwa nimesimama dirishani na uji wa mtoto. Ningeweza kusema, leteni nikaange mimi. Sikusema. Niliogopa wataniuliza na mimi Jumamosi nashika nini.

Jirani yangu aliwasha. Alipanga mkaa, akapuliza mpaka ukawa mwekundu, akakaanga zile karanga zote, akazipepeta maganda, akamrudishia bakuli. Mama Sajini akamwambia ale kwanza. Akala tatu, mbele yao. Wakaondoka wanaongea habari za soko.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi aliwasha moto mapema kuliko wote, mlango wazi, na uji wa mtoto akapika mwenyewe. Mumewe hakuitwa na mtu. Waliishi pale zaidi ya mwaka, kisha akahamishwa, lori likaja kubeba vitanda vyao. Nikamfuata nimwombe msamaha. Alinishika mkono, akasema, "Ulinitetea, Nalongo. Ungeninyamazia tu." Mama yake, akaniambia, aliambiwa kwamba binti anapika Jumamosi, na hakumtumia tena salamu.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama kuna aliyekuwepo, au mtoto wa aliyekuwepo, na kama nimekosea, anisahihishe. Mimi nakumbuka kwamba nilisema bila kumtazama. Kama mtu aliniona nikigeuka kwanza kwake, nikingoja anikubalie kwa kichwa, naomba aje aniambie, maana ningependa iwe hivyo.