Miguu Ilivyomnyima Ljubinka Kiti cha Skrini

Jamani, hii hutaiamini, mimi mwenyewe nilimwomba aisimulie mara mbili: kuna mama kafeli mtihani aliousubiri miaka sita kwa sababu aliona kitu ambacho kompyuta nzima ya kiwanda haikukiona.

Saa kumi na mbili asubuhi, Novemba, ukungu umelalia vilima vya viazisukari kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari. Ljubinka Erdeljan, miaka arobaini na tatu, anapanda ngazi za chuma, spana ya vali begani. Redio ya upepo kifuani inamwamuru: fungua hii, funga ile. Kila zamu ni ngazi mia tisa, kupanda na kushuka. Goti la kushoto limeshavimba.

"Wanasema geuza, nageuza. Kwa nini? Siambiwi," anasema. "Miaka kumi na minne nimekuwa mkono wa mtu mwingine."

Hapo ndipo panapomuuma. Chumba cha skrini kina dirisha, na hapiti bila kuchungulia. Vali, pampu na vipimo vyote vya kiwanda vimeunganishwa pale. Watu wanne wamekaa, kila mtu na sehemu yake, na sababu ya kila kitu wanaiona.

Basi akaanza kusoma. Mezani jikoni, mkate wake wa burek, wenye jibini ndani, umepoa pembeni, kompyuta ya kuazima ina kiwanda cha kuigiza. Akajifunza wakati gani uuache mfumo ujiendeshe, wakati gani uushike mwenyewe. Mumewe, Svetozar, alikuwa anamtania kwamba abofye basi na supu ijipike. Supu aliipika mume huyohuyo, miaka yote sita.

Mtihani wenyewe sasa! Unafanyika mara moja kwa mwaka, msimu wa viazisukari, kwenye kiti halisi, kiwanda kikiwa kinanguruma. Oktoba hii Ljubinka akakaa, akakabidhiwa matangi matatu. Fundi Gvozden, mkuu wa zamu, akasimama nyuma yake. Sheria kubwa ni moja: aliyekaa haondoki mpaka apokewe.

Saa nzima ikapita safi. Halafu akaona tangi la tatu, linalochemsha shira: limejaa asilimia sitini na mbili. Dakika saba, sitini na mbili ileile. Skrini yote kijani, hakuna kengele.

"Shira inayochemka haitulii," ananiambia. "Lile tangi nimesimama nalo miaka yote hiyo. Halijawahi kutulia hata dakika moja."

Akajua kibomba cha kipimo kimeziba kwa sukari, na tangi linazidi kujaa. Akamwita Tihomir, aliyeshika zamu yake huko nje. Tihomir akajibu yuko upande wa pili wa kiwanda.

Ljubinka akachomoka! Kiti kikabaki kinazunguka. Akashuka ngazi mbilimbili, akaikamata vali ya kuingizia shira, akaifunga kwa mikono. Tangi lilibakiza shubiri moja tu limwagike, na chini yake watu wanapita.

Akarudi anahema. Gvozden alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti.

"Dada yangu," akasema polepole, "ile vali si ungeifunga hapahapa?"

Mibofyo miwili. Basi.

Ljubinka akajiziba mdomo. "Nilijua, fundi. Naapa nilijua. Miguu ilishaondoka."

Baadaye alijitetea: skrini iliyomdanganya kuhusu kipimo, angeiaminije kuhusu vali? Gvozden akakubali kwamba hoja ipo. Lakini matangi mengine mawili yalikuwa mikononi mwake, na kama Gvozden asingekuwepo, nani angeyaangalia? Akaandika amefeli. Kisha akammiminia kahawa mwenyewe, humohumo chumbani. Ljubinka akainywa amesimama.

Tangu siku hiyo wenzake wanamuuliza mbio za Olimpiki ni lini. Anacheka nao, halafu anapita dirishani na kicheko kinaisha.

Oktoba ijayo atarudia mtihani. Kila jioni anafanya mazoezi, na Svetozar amejitolea kumfunga miguu kwenye meza.

"Nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote," anasema akitazama juu, kwenye mabomba. "Lakini namba ikitulia tena, na chini kuna watu... sijui kama nitaweza kukaa."

Haya, niambie wewe unayesoma: kiti cha ndoto yako kiko chini yako, skrini imeshakudanganya mara moja. Ungebofya, au ungekimbia?