Ndoo ya Chokaa Ipogolo

Andendekisye alizaliwa Rungwe, kule Mbeya, ambako mtu akichimba shimo la choo hukutana na majivu ya volkano kabla hata jasho halijamtoka. Wenzake waliyaona uchafu. Yeye aliyachanganya na chokaa, akayafyatua tofali, akazimwagilia maji mpaka zikakomaa: nyepesi, lakini ngumu kweli kweli. Alipomwoa Joyness, Mhehe wa Kalenga, alihamia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akawa analetewa majivu kwa malori.

Tofali zake zilipendwa. Tabu ni kwamba hazikuhitaji mchanga, na vijana wengi wa pale waliishi kwa kuchota mchanga mtoni. Kiongozi wao alikuwa Adrian, pande la mtu.

"Mnyakyusa, vumbi lako linatunyima ugali," alimwambia. "Lirudishe kwenu."

"Kaka, njoo nikufundishe kufyatua. Kazi ipo."

Adrian alitema mate juu ya tofali bichi, akaenda zake.

Jumamosi moja asubuhi alirudi na kundi zima, machepe na sururu mikononi. Hawakubisha hodi. Waliingia uani wakaanza kuponda tofali. Joyness alipojitokeza kuwazuia, mmoja alimtandika bega kwa mpini wa chepe, akaanguka. Hapo Andendekisye akapandwa na wazimu. Alimrukia yule kijana, akamng'ata sikio mpaka damu ikamjaa mdomoni. Wakamshukia kwa mateke. Mbavu zikalia. Adrian akainua sururu juu yake.

Akiwa chali, mkono wake ulipapasa ukaigusa ndoo ya chokaa. Akamrushia yote usoni.

Yowe alilopiga Adrian liliwatawanya wenzake. Alizunguka uani akijigonga ukutani, akijikwaruza macho.

"Mshike, Baba Goodness! Asijikune!" Joyness alimpigia mumewe kelele.

Mume na mke walimkamata, wakamzamisha uso kwenye pipa la maji. Adrian alidhani wanamuua. Alirusha ngumi kama kipofu, moja ikamvunja Joyness pua. Joyness hakumwachia. Aliendelea kumwosha, damu yake ikidondokea maji yaleyale.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikufa.

Mahakamani, hakimu alimuuliza Andendekisye kama alijua chokaa inafanya nini machoni.

"Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana niliirusha."

Jibu hilo lilimpeleka gerezani. Joyness akabaki anafyatua tofali na kaka zake.

Siku Andendekisye alipoachiwa, hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Adrian, akamkuta ameketi mlangoni.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya jicho lako. Neno la kutosha sina."

Adrian alisimama, akampiga ngumi ya mdomo. Jino likang'oka. Andendekisye alianguka, akainuka, akasimama palepale mikono ikining'inia. Ngumi ya pili ilipanda, kisha Adrian akaishusha.

"Nenda," alisema. "Usinisogelee tena."

Andendekisye alitembea hadi nyumbani akitema damu. Joyness alimfungulia, akamtazama mdomo, akateleka maji ya moto. Keshoye walifyatua tofali pamoja. Wanaume wale wawili wanakaa mtaa mmoja mpaka leo, na tangu siku ile hawajasalimiana.