Damu ya Kipimo

Jumanne tarehe 14 Machi 2006, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mtaalamu mmoja wa maabara alikunja mkono wa blauzi yake akatolewa mililita ishirini za damu. Daftari la siku hiyo linaonyesha hivyo, kwa wino wa bluu, na mwandiko ni wake mwenyewe. Tangu hapo ametoa damu zaidi ya mara mia saba, karibu mara zote mkono wa kushoto. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezewa damu hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwa kipimo.

Maabara yenyewe ni vyumba vitatu vya ghorofa ya pili, nyuma ya chuo cha udaktari. Wanachunguza mafuta ya damu. Mafuta hayapatani na maji, kwa hiyo ndani ya damu husafiri yamefungwa katika vifurushi vidogo sana, mafuta ndani na protini nje, viitwavyo lipoprotini. Aina moja ya vifurushi hivyo ikichacha, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi jikoni, hujibandika kwenye kuta za mishipa. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu huanguka.

Swali la maabara ni moja: vifurushi vya mtu fulani vinahimili dakika ngapi kabla ya kuchacha? Wanavitenga kwa mashine inayozungusha damu kwa kasi kubwa, mpaka vielee juu kama utepe wa rangi ya machungwa. Kisha wanavidondoshea shaba, ambayo huharakisha mambo, na wanatazama mstari kwenye kompyuta. Mstari hulala, hulala, halafu huinuka ghafla. Dakika za kulala ndizo jibu.

Lakini vipimo vya leo havilingani kabisa na vya jana. Shaba hutofautiana kidogo, joto hupanda, mashine huzeeka. Ndiyo maana kila kundi la sampuli hupimwa pamoja na damu ya mtu mmoja ambaye tabia ya damu yake inajulikana. Akizidi kawaida yake siku hiyo, wengine wote wanapunguziwa dakika, akipungua, wanaongezewa. Damu iliyogandishwa haifai, hivyo mtu huyo lazima awepo, mzima, na tumbo tupu.

Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa yeye. Fundi wa mashine alimpa jina la Bi Rula, na jina likashika hadi kwenye orodha ya chai.

Bi Rula ana miaka arobaini na tisa, ni mwembamba, na hufuta meza mara mbili hata kama haina kitu. Mumewe ni seremala. Nyumbani hakuna aliyewahi kuona ajabu kwamba mama hali chakula cha Jumatatu jioni baada ya saa moja. Aliacha sigara mwaka ule alioanza kutoa damu. Aliacha vidonge vya vitamini. Kwenye harusi ya mdogo wake alikataa keki kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumanne. Wifi yake alimwambia mbele ya wageni, "Wifi, hiyo damu yako tungeiozesha ingekuwa imeshazaa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuona kosa liko wapi.

Mwezi Juni mwaka huu alishikwa na mafua, akaandikiwa dawa, na mtu anayetumia dawa hatoi damu ya kipimo. Jumanne hiyo alitoa mwajiriwa mpya, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyekuwa na shahada ya pili na wiki tatu tu kazini. Bi Rula aliporudi alifungua daftari kabla ya kuvua koti la mvua. Ukurasa ulikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Yeye kawaida yake ilikuwa dakika sitini na mbili. Mgeni alikuwa amepata themanini na nane.

"Tulidhani kompyuta imelala," Fundi alimwambia. "Tunasubiri mstari upande, haupandi. Nikauliza, huyu mtoto ana damu au gundi?"

"Mara moja si kipimo," Bi Rula akasema.

"Shemeji, tumerudia mara tatu." Fundi humwita shemeji kwa sababu ile mashine ya kuzungusha damu huiita mke wangu, na Bi Rula ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa bila kuomba.

"Kipya kinyemi," akajibu, akaenda kufuta meza.

Kuanzia hapo alianza kumchunguza mwenzake kwa umakini uleule aliokuwa akiupa mstari wa kompyuta. Alijua mgeni anapanda ngazi mbilimbili. Alijua anakula nyanya mbichi kama watu wanavyokula tunda, na yai anakula lote, kiini na vyote, na bado. Hilo "na bado" lilimkera kuliko yai lenyewe. Alijua Profesa, mkuu wa maabara, humwambia yeye "Mama, tafadhali," lakini yule humwita "mwanangu". Alijua mgeni amepewa kiti cha dirishani, ingawa kiti hicho yeye mwenyewe alikikataa mwaka 2011 kwa sababu ya jua.

Mumewe alianza kuhisi kuna mwanamume. "Mara ya pili hii nakusikia unasema themanini na nane peke yako," alimwambia wakinywa chai asubuhi. "Nani huyo mwenye miaka themanini na nane?"

"Ni dakika."

"Dakika za nini?"

"Za msichana mmoja kazini."

Seremala alitafakari. "Basi afadhali ingekuwa mzee," akasema, "angekufa yakaisha."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mume wala mtu mwingine. Daftari alilijaza yeye, na kwa mwaka mzima alikuwa akiiona namba yake ikishuka. Sitini na mbili. Hamsini na nane. Hamsini na tano. Mwanamke akifika umri wake mwili hubadilika, na damu hufuata. Rula ilikuwa inajikunja, na mwezi Novemba Profesa alitangaza kwamba utafiti mpya unaanza Januari na mtu wa kipimo atateuliwa upya, "yeyote ambaye damu yake ni imara." Alisema hivyo akitazama karatasi. Bi Rula aliamini alikuwa akitazama dirishani.

Utafiti uliokuwa unamalizika ulihusu washonaji wa kiwanda cha sare, wanawake wanaokaa kwenye cherehani saa tisa kwa siku. Waliombwa kutembea nusu saa kila asubuhi kwa miezi sita, ionekane kama mafuta ya damu yao yatahimili zaidi. Kundi la mwisho, washonaji kumi na wawili, lilitoa damu Jumanne ya wiki ya pili ya Desemba. Bi Rula alitoa pia.

Hapa inabidi kueleza hatua moja. Damu ikitolewa huwekwa dawa ya kuizuia isigande. Dawa hiyo hiyo huikamata shaba na kuifunga mikono, kwa hiyo kabla ya kupima ni lazima iondolewe yote. Vifurushi huwekwa kwenye mirija laini ya utando, ambayo wenyewe wanaiita soseji, na soseji huelea kwenye ndoo ya maji ya chumvi ndani ya friji, gizani, siku nzima. Maji hubadilishwa mara nne. Ukibadilisha mara mbili tu, dawa inabaki kidogo, shaba inashindwa kufanya kazi yake, na damu dhaifu inaonekana ya chuma.

Kazi ya kuosha ilikuwa ya Bi Rula. Jumatano mchana, baada ya maji ya pili, aliitoa soseji moja kwenye ndoo akaiweka pembeni kwenye barafu. Ilikuwa yake. Za washonaji aliziacha ziendelee hadi maji ya nne.

Alhamisi mstari wake ulilala dakika tisini na saba.

Fundi alipiga makofi. "Shemeji! Umekunywa nini, rangi ya mabati?"

Profesa alitoka ofisini kwake, akatazama, akasema, "Mama, hongera," na Bi Rula akaona uso unamwaka moto. Mgeni naye alisema hongera, na alimaanisha. Kisha akainamia kompyuta.

"Dada," akasema, "wiki iliyopita ulikuwa hamsini na nne. Tungerudia tu hiki cha kipimo, kwa usalama? Labda maji hayakutosha."

Bi Rula alikunja kitambaa chake pande nne.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole mkubwa, "wivu unazeesha."

Fundi aliangua kicheko, na wanafunzi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka kwa sababu Fundi amecheka. Mgeni alisema, "Samahani, dada," akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Masikio yake yalionekana mekundu kwa nyuma. Bi Rula anakiri kwamba aliyatazama kwa raha mpaka saa ya chai.

Ijumaa asubuhi mahesabu yalikamilika. Kwa kuwa kipimo kilikuwa kimezidi kawaida yake kwa kiasi kikubwa, kompyuta iliwapunguzia washonaji wote kumi na wawili. Wanawake waliotembea miezi sita walionekana wameharibika kuliko walivyoanza. Profesa hakushangaa sana. Alisema kuna nyakati mazoezi huchokoza damu. Hakuna aliyemkumbusha habari ya maji.

Saa nne alifika msimamizi wa washonaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu toka upande wa pili wa kiwanda. Alikataa kukaa. Bi Rula alikuwa anapita na sinia la chupa, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi.

"Profesa, niambie ukweli mtupu," msimamizi alisema. "Wale wanawake nimewashikilia kwa mdomo wangu huu. Watoto wa shule wanatucheka barabarani, wanatuita treni ya mizigo. Mmoja ana presha, nimemsukuma mpaka amepungua kilo saba. Imesaidia au haikusaidia?"

"Kwa majibu tuliyonayo, sijaona faida. Kwa kundi lenu yanaelekea kinyume."

"Kinyume maana yake nini? Tunajiumiza?"

"Sijasema hivyo. Ila siwezi kuwaambia muendelee."

"Basi Jumatatu nawaambia wakae," akasema, akacheka kidogo. "Kukaa tunajua."

Akatoka, akampita Bi Rula, akamwambia "Asante, mama, kwa sindano zako, haziumi," akaanza kushuka ngazi huku ameshika ukuta.

Bi Rula alimwacha amalize ngazi zote za ghorofa ya kwanza. Hilo halifichi. Alisimama na sinia akihesabu hatua, na alichokuwa anawaza, kwa maneno yake, ni kwamba Januari ni wiki tatu tu. Kisha akaweka sinia sakafuni, katikati ya njia, jambo ambalo yeye mwenyewe angemfokea mtu kwa kulifanya, akainama kwenye chuma cha ngazi.

"Mama! Wewe mama! Usiwaambie wakae!"

"Unasemaje?"

"Endeleeni kutembea! Majibu yana kasoro. Nitakuja kiwandani mwenyewe."

Aliporudi, Profesa alikuwa mlangoni, na mgeni nyuma yake, kalamu mkononi.

"Kasoro gani?" Profesa akauliza.

"Soseji yangu niliitoa kwenye maji ya pili."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliitoa." Akamwonyesha mgeni kwa kidevu. "Kwa sababu yake. Hana kosa lolote, ana damu tu."

Fundi, ambaye hakuna aliyemwita, alisema, "Lo, shemeji," na safari hii hakuongeza kitu.

Profesa alivua miwani, akaivaa tena. Hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna damu ya washonaji iliyobaki ya kurudia. Haikubaki ya kutosha. Aliuliza kama alikuwa amefanya hivyo wiki nyingine yoyote. Bi Rula alisema hakuna, na kwamba madaftari yote yaliyopita yako wazi, wapitie namba moja moja. Mgeni alizipitia kwa siku mbili. Namba zilikuwa zinashuka taratibu na kwa uaminifu mwaka mzima, hadi wiki ile.

"Dada, kwa nini hukusema inashuka?" alimuuliza alipolifunga daftari la mwisho.

"Ningekwambia wewe?"

Mgeni alifikiri. "Hata mimi ningekuwa wewe nisingeniambia," akasema.

Jumatatu Bi Rula alienda kiwandani saa ya mapumziko. Alisimama kati ya cherehani na kueleza, bila kuremba, kwamba alidanganya kipimo, na kwamba wao kumi na wawili inabidi walale njaa na kuchomwa sindano upya. Mmoja aliuliza alidanganya kwa sababu gani. Alipojibu, mshonaji wa safu ya nyuma akasema, "Wivu wa damu? Mimi nilidhani wa wanaume ndio mwisho." Walicheka sana, wakamzungumzia mbele yake kama hayupo, na msimamizi akaandika majina yote kumi na mawili.

Wivu haujaisha. Bi Rula anasema hivyo kama mtu anayesoma kipimajoto. Mwenzake akipanda ngazi mbilimbili bado anazihesabu. Kilichobadilika ni kwamba sasa anautaja kwa sauti, kwa jina lake, na mwenzake akisikia hupunguza mwendo, jambo ambalo linamkera zaidi.

Amepewa onyo la maandishi, na kuosha soseji kumehamishiwa kwa Fundi. Wiki ijayo washonaji kumi na wawili watatoa damu upya, na kwa kuwa mtu wa kipimo habadilishwi katikati ya utafiti, watapimwa kwa damu ya Bi Rula, kwa namba yake halisi, yoyote itakayokuwa. Utafiti wa Januari utatumia damu ya mwenzake.