Gesi ya Melini na Mikaratusi Yangu

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniambia niikate mikaratusi. Yeye ndiye mkurugenzi anayetuwakilisha sisi wakulima katika kiwanda cha chai, na akisema jambo tunalimeza bila kutafuna. Alisema kiwanda kinaachana na kuni za kukaushia majani. Kuna gesi, akanieleza, inayopozwa huko nje mpaka inakuwa kama maji, inapakiwa melini, na ikifika Mombasa italetwa huku kwetu Nyamira kwa malori. "Nani atataka kuni tena, dadangu? Kata, panda chai."

Ile miti nilipewa na baba niliporudi nyumbani, ndoa imenishinda. Kwetu binti hapewi kitu hivi hivi, na maneno yalisemwa sana. Lakini baba alisimama kando ya mto, akaonyesha kwa mkono, akasema miti hii yote ni ya huyu. Sijawahi kuwa na kitu kingine changu.

Niliikata yote. Kaka akaniomba magogo, eti ayapeleke kanisani wapikie wageni wa makambi, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka. Nilifurahi, hata nikawapikia chai vijana waliokuja kuyabeba. Mjinga ni mimi.

Gesi haikuja. Redioni walisema vita vimeikatia Ulaya gesi yake, sasa wananunua ya dunia nzima, na meli inageuzwa katikati ya bahari kumfuata anayelipa zaidi. Sisi wa majani chai tungewashinda na nini? Kiwanda kikarudia kuni, na kikataka zilizokauka, maana mbichi hutoa moshi tu. Majirani walihangaika kutafuta.

Siku moja nilienda kiwandani kuulizia mbolea, nikalikuta lori la kaka langoni. Magogo makavu, yamepangwa vizuri, tena makubwa ya umri ule ule wa yangu.

"Kaka, haya si ndiyo ya kanisa?"

Hakushtuka hata kidogo. "Kanisa lina mtungi wa gesi siku hizi. Ulitaka yaozee kwangu?"

Roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Meli zile sizilaumu, hazinijui. Huyu tulinyonya titi moja, na alinizunguka huku akiniita dadangu.

Kaka akaniuliza mama ameamkaje. Nikamwambia vizuri. Kesho yake nilichuma majani yangu kama kawaida, nikayapeleka kituo cha kupimia chai, yakakaushwe kiwandani kwa miti yangu.