Chokaa ya Lugembe Iliyowaka Bila Maji

Marehemu mume wangu Lugembe alikuwa mchoma chokaa, na alinichosha miaka thelathini. Mliomsifu msibani hamkuishi naye.

Zama hizo za Mwingereza, wanaume wa kwetu walipakiwa garimoshi pale Tabora kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Wengine walirudi na kikohozi, wengine hawakurudi. Jina la Lugembe lilikwisha andikwa. Kilichoweza kumbakiza ni kimoja tu: katekista wetu, Mwalimu Ambrosi, alikuwa akijenga kigango kando ya njia ya zamani ya misafara. Alimwambia, "Niletee mzigo mmoja wa chokaa. Ikinipendeza, kazi yote ni yako, na Tanga nitakuombea usiende."

Lugembe akaokota mawe mbugani, akayapanga na magogo, akayachoma siku tatu. Nikamwuliza yana nini hata yalindwe kama bibi harusi.

"Yamemeza moto."

"Yatautapika lini?"

"Mama Bernadeta, usiguse."

Hiyo ndiyo elimu niliyopewa. Usiguse! Mtu anajua jambo, analifungia shavuni kama tumbaku.

Akaniagiza lindo, lile pipa la magome ya mti. Sasa mimi ni mtoto wa walina asali wa Sikonge. Kwetu lindo kavu halitiwi kitu. Hulowekwa kwanza kisimani kutwa nzima, magome yavimbe, mishono izibe. Nikaliloweka, nikalipangusa likapendeza. Sikumwambia. Angesema nisiguse.

Asubuhi akajaza mawe yake, akafunika, akajitwika begani. Baiskeli ya shemeji Tobias ilikuwapo, akaikataa, eti babu yake alibeba pembe za ndovu begani mpaka pwani. Haya. Nikamfuata, Bernadeta mgongoni, mkononi kikapu cha mayai ya kumpelekea Mwalimu.

Hatujafika mbali akaanza kuinamisha kichwa.

"Mama Bernadeta, jua la leo limetokea wapi?"

"Kule kule kwa siku zote."

"Mbona linaniunguza sikio moja?"

Nikatazama. Lindo linafuka mvuke kama chungu cha maharage! Mara mshono ukaachia, pwaa! Lugembe akalitupa, akaruka hatua moja tu, akatua karibu na Nzega. Kuku waliokuwa wakidonoa njiani walitaga mayai yaliyokwisha iva; asiyeamini akawaulize.

Nikaelewa papo hapo. Maji ya magome ndiyo yaliyoyawasha mawe!

Mawe ya pembeni yalikuwa yamesagika unga. Lugembe akakaa chini, mikono kichwani. "Basi ni Tanga," akasema.

"Inuka, baba. Tanga huendi kwa miguu, na garimoshi bado halijaja." Mawe ya katikati yalikuwa bado makavu, nikayafunga kwenye kanga yangu. Unga nao tukauzoa.

Tulipofika kigangoni, Mwalimu Ambrosi akauchezea unga kwa kijiti. "Lugembe, si majivu ya jikoni haya?"

Mkonge unamwita kwa jina, yeye anatazama vidole vya miguu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, niletee karai na maji."

Nikapanga mawe karaini, nikatumbukiza yai na ganda lake katikati, nikamimina maji. Mawe yakapasuka, yakavimba, maji yakatokota bila hata kijiti cha kuni. Mwalimu akarudi nyuma, akajipiga ishara ya msalaba. Yai lilipotoka tukaliosha, akalimenya, akakuta kiini kigumu.

"Lugembe," akasema, "kesho lete mawe mengine."

Tanga hakwenda. Lakini mimi raha sikuiona. Alitangazia watu wote kwamba chokaa yake ni kali mno, inawaka bila tone la maji, kama ilivyowaka lindoni. Tangu hapo kila mzigo akaufungia ngozi mbili na kanga zangu juu, eti isije ikajiwasha. Kanga saba zimeliwa na chokaa! Wageni wakija anaanza upya, mimi nauma midomo. Ningemwambia ukweli, angeuliza nani aliloweka lindo.

Hata siku za mwisho, kitandani, alinishika mkono.

"Mama Bernadeta, uliona. Bila maji!"

"Bila maji, Baba Bernadeta," nikamwambia. "Hata tone."