Bushi za Kandambili

Nikisikia harufu ya mpira uliokatwa kwa kisu cha moto, namwona baba mdogo, fundi wa maneno, amelala chini ya pikapu yetu kuukuu. Bushi za mbele, vile vipande vya mpira vinavyoshikilia vyuma vya magurudumu, zilikuwa zimekwisha, naye alichonga nyingine kutoka kwenye kandambili.

“Shemeji, si ununue dukani?” mama alimsihi.

“Mwanamke anajua nini habari za gari?”

Kesho yake tulimpakia bibi, mgonjwa, kwenda hospitali. Kabla ya kufika Nyamiaga, iliko hospitali, bushi zilisagika, gurudumu likalala upande. Mama akambeba bibi mgongoni, mimi nikachukua kikapu, tukapanda kilima kwa miguu.

Baba mdogo hakutufuata. Alibaki akiwaeleza wapita njia kwamba kazi yake ilikuwa safi, ila barabara ndiyo mbovu.